Koa wa Ngozi Chini ya Makumbi

Wa kwanza nilimwona Kisarawe, ukutani mwa bafu la nje nyumbani kwa dada yangu. Dada alikuwa amejifungua, nami nilikwenda kukaa naye masika yale, nichote maji, nipike uji na kufua nepi. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, niliingia bafuni nikakuta kitu cheusi kimejibana kwenye tofali kama kipande cha soli ya kiatu kilicholoa. Nilidhani ni uchafu, nikakimwagia kopo la maji. Kile kitu kikatoa macho.

Dada aliniambia kutoka ndani, kwa ile sauti ya chini ya mtu anayenyonyesha, kwamba huyo ni konokono asiye na nyumba, nichukue chumvi jikoni nimnyunyizie. Nikaichukua. Nilisimama naye pale, chumvi kiganjani, mpaka ikaanza kuyeyuka kwa jasho langu, na sikuweza kuirusha. Alikuwa ameinua vipembe viwili vifupi vyenye nukta nyeusi kwenye ncha, na chini yake vingine viwili vilivyogawanyika mwishoni kama ulimi wa nyoka, akipapasa tofali kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona kwa mtu yeyote isipokuwa mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Kazini kwangu Sofu, mjini Kibaha, kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, mteja akiniletea barua ya maombi ya kazi naisoma hadi anakasirika, kwa sababu siwezi kuchapisha karatasi yenye nafasi mbili pale inapotakiwa moja. Niliishia kidato cha nne. Yote niliyoyajua baada ya hapo nimeyaokota mwenyewe kwenye simu, nikiwa na hofu kila mara kwamba nimeokota nusu. Koa yule alikuwa kitu cha kwanza kilichonitaka niangalie mara ya pili, na ya tatu, bila mtu nyuma yangu kuniharakisha.

Kwa hiyo nilianza kusoma. Dada akilala na mtoto, mimi nilikaa barazani na simu yenye kioo kilichopasuka nikitafuta maneno kwenye kamusi, neno moja baada ya jingine. Niligundua kwamba tunaposema koa, au konokono asiye na nyumba, tunataja watu wengi wasio wa ukoo mmoja. Kupoteza nyumba ni jambo lililotokea tena na tena, kwa koo mbalimbali za konokono, kila ukoo kwa njia yake. Huyu wa bafuni alikuwa wa familia ambayo wataalamu huiita Veronicellidae. Kiswahili hakijaipa jina ninalolijua, nami kwa matumizi yangu niliwaita koa wa ngozi, kwa sababu ndivyo walivyo: mgongo mzima umefunikwa na joho moja gumu, lenye chembechembe, linaloshuka pembeni mpaka chini na kuficha kichwa, kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi.

Nilimgeuza mmoja kwa kijiti. Chini, katikati ya tumbo, alikuwa na mguu mwembamba sana, ukanda tu, ambao ndio anaotembelea. Sehemu iliyobaki ya tumbo haigusi kazi ya kutembea. Nilijiuliza kwa nini mnyama mnene hivyo awe na mguu mdogo hivyo, na jibu nililolipata lilinifanya nicheke kwa furaha. Koa anapotembea hupoteza maji kupitia ute wake. Mguu mwembamba hupoteza kidogo. Huyu ni mnyama wa unyevu aliyejipanga kuishi katika nchi inayokauka nusu ya mwaka.

Siku chache baadaye, kwenye njia inayopakana na msitu, niliona wa aina nyingine kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya kupanga viumbe katika familia. Yule wa msituni alikuwa mwepesi, wa rangi ya majani makavu, na hakuwa na joho la kumfunika mwili mzima. Alikuwa na kitu kama kizibao kidogo mabegani, na upande wa kulia wa kizibao palikuwa na tundu linalofunguka na kujifunga. Hilo ndilo tundu lake la pumzi. Familia yake ni Urocyclidae, wenyeji wa Afrika hii hii. Chini ya kizibao wengi wao bado wana kigae chembamba, mabaki ya nyumba ya mababu. Yaani hawakuitupa nyumba, waliikunja wakaiweka mfukoni. Koa wa ngozi hawana hata kigae. Hawana tundu la pembeni pia, hupumua zaidi kwa ngozi, na njia yao ya kutolea uchafu iko nyuma kabisa, mahali ambapo kwa konokono wengine haiko. Ndugu zao wa karibu wako pwani kwenye matope ya mikoko, wakitambaa maji yanapokupwa. Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Mnyama wa bafuni kwa dada yangu alikuwa karibu zaidi na kiumbe cha tope la bahari kuliko na koa wa msituni aliyekuwa hatua chache kutoka nyumbani.

Niliporudi Kibaha niliwakuta koa wa ngozi wamejaa. Walikuwapo wakati wote chini ya ndoo, chini ya mawe ya kuanikia viatu, nami sikuwaona.

Sasa nifike kijijini Janga, kwa mama mkubwa wangu.

Mama mkubwa ni dada yake mama, mjane, na analima. Kila mwaka kabla ya vuli hutengeneza kitalu cha nyanya chungu nyuma ya nyumba, na miche ikikomaa huihamishia shambani. Shamba hilo ndilo linalomweka mjini na kijijini, kama anavyosema mwenyewe: mboga nyingine anakula mwenyewe, na nyingine zinachukuliwa na akina mama wanaouza barabarani Misugusugu. Kitalu kikifa hakuna miche mingine, kwa sababu mbegu anazihifadhi mwenyewe kutoka kwa matunda ya msimu uliopita, na akishazimwaga amezimwaga.

Mwaka huo alinipigia simu akaniambia kitalu kinaisha. Kila asubuhi anakuta miche imeliwa. Mtoto wake wa kiume, ambaye kwangu ni kaka, alikuwa tayari amenunua dawa ya vidonge kwenye duka la pembejeo. Mama mkubwa hakuitaka dawa ile. Alikuwa na mabata, na bata mmoja alikuwa na vifaranga, na mabata wa kule hawafungiwi, wanapita kitaluni kama wanapita sebuleni. Lakini miche ilikuwa inaisha. Akasema Ijumaa asubuhi atamwaga dawa, liwalo na liwe, ila kwanza niende nimwambie ni nani anayekula, kwa kuwa amesikia kwa mama kwamba siku hizi mimi ni mtu wa wadudu hao.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda.

Kaka alinipokea njiani akiwa juu ya baiskeli.

"Daktari wa makamasi umefika," akasema. "Wagonjwa wako wameshiba."

Nilimwamkia mama mkubwa, akaitikia marahaba, akanipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba kabla hata sijanywa maji. Kitalu kilikuwa kimetengenezwa vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya mimi. Udongo laini kama unga uliochekechwa, mistari imenyooka, na kuzunguka pande zote na katikati ya mistari alikuwa amepanga makumbi ya nazi, yamelala kifudifudi, moja baada ya jingine. Kila mtu kule hufanya hivyo. Kisima kiko mbali, na makumbi hunywa maji ya jioni yakayashika mpaka kesho yake. Mama yake alipanga hivyo, na majirani wanapanga hivyo.

Nikainua kumbi la kwanza. Walikuwa pale, wamejikunja, wakubwa kwa wadogo, wengine weusi wenye mstari mweupe hafifu katikati ya mgongo, kama mtu amewachora kwa chaki. Sijui uso wangu ulionekanaje. Kaka alisema nilifurahi kama niliyekutana na ndugu waliopotea, na sikubishana naye, kwa sababu chini ya kumbi la tatu nilikuta mayai, na mayai nilikuwa sijawahi kuyaona. Yalikuwa yameunganishwa kwa uzi wa ute kama tasbihi, yakapakwa udongo yasionekane. Kila koa ni dume na jike kwa pamoja. Mlango wake wa kiume uko karibu na mdomo, upande wa kulia, na wa kike uko katikati ya tumbo, na mayai yale mazuri yalitoka kwa mnyama ambaye watu humwita kamasi.

Mama mkubwa alisubiri nimalize kuchuchumaa.

"Basi ni hawa?" akauliza.

Nikasema sijui.

Na kweli sikujua. Kukaa karibu na chakula si kukila. Palikuwa na jongoo chini ya makumbi hayo hayo, palikuwa na nyenje, na nilipochimbua kidogo nikapata sota mmoja, yule funza mnene anayekata mche shinani. Nilijua sota hukata akauacha mche umelala, na koa hula jani na shina laini bila kuacha kitu. Baadhi ya miche ilikuwa imelala. Mingi haikuwapo kabisa. Lakini mvua ndogo ilikuwa imenyesha usiku ule na alama za ute zilikuwa zimefutika. Nilitaka kuona ute. Nilitaka kuona jani ndani ya mdomo. Na nikiwa mkweli zaidi, nilitaka wasiwe wao.

Nikachukua makopo matupu ya rangi, nikayatoboa vifuniko, nikaweka udongo. Kopo moja koa, jingine jongoo, jingine nyenje, kila moja na miche michache iliyokuwa imeshaharibika. Mama mkubwa alinitazama nikifunga kamba na kuweka alama. Kaka akauliza kama nitawaletea na mawakili.

Asubuhi iliyofuata kopo la koa lilikuwa na mche mmoja uliotafunwa. Mmoja tu, mingine mizima. Kwangu hilo halikuwa jibu. Pengine walikuwa na hofu ndani ya kopo, pengine jani lilishanyauka, pengine niliwachagua wadogo. Nikabadilisha udongo nikaanza upya. Kitaluni, usiku huo huo, mstari mzima ulikuwa umekwenda.

Alhamisi mchana mama mkubwa alinikuta nimekaa juu ya kigoda nikibadilisha makopo kwa mara nyingine. Akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaanza kuchambua mchicha.

"Mwanangu," akasema. "Ni hawa, au si hawa?"

"Mama mkubwa, siwezi kusema kabla sijahakikisha."

"Sijakuuliza kama umehakikisha. Nakuuliza unaonaje."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Shuleni waliuliza jibu ni lipi, kazini wanauliza iko tayari au bado. Nikiwa na makosa, atapoteza kitalu kwa maneno yangu. Nikinyamaza, atamwaga dawa kesho na pengine kupoteza vifaranga, na koa wote pale, wenye makosa na wasio na makosa, watakufa pamoja nao. Nilitazama kopo. Koa mmoja alikuwa amejibana ukutani, macho ndani, mstari wake mweupe umenyooka.

"Ni wao," nikasema. "Si wote, na sota yupo pia. Lakini wengi ni wao."

Akaendelea kuchambua mchicha.

"Haya. Umekufa?"

"Sijafa."

"Basi sasa niambie tunafanyaje."

Hapo nilishangaa kukuta kwamba nilijua. Sikujua dawa, nilijua mnyama. Hana nyumba, kwa hiyo jua ni kifo chake, na mchana lazima awe chini ya kitu chenye unyevu. Mguu wake ni mwembamba na mwendo wake ni wa taratibu, kwa hiyo hulala karibu na anapokula. Kitalu kile kilikuwa na maji ya jioni, miche laini, na juu yake makumbi, kila moja nyumba tayari, milangoni mwa chakula. Nikamwambia tuyaondoe makumbi yote kitaluni, tuache ukanda mtupu wa udongo mkavu kuzunguka. Ng'ambo ya ukanda tuyapange machache, tuyaloweshe, tuwaache wao wenyewe wayaingie, na kila alfajiri tuyainue kabla jua halijapanda. Na kumwagilia kuwe asubuhi, usiku ukute udongo umekauka juu.

Mama mkubwa hakupenda. Alisema bila makumbi udongo utakunywa maji mara mbili, na kumwagilia asubuhi ni kazi ya watu wasio na kazi nyingine asubuhi. Maji hayo atayachota nani? Nikasema mimi. Kaka akacheka sana, kisha akaona sicheki.

Tulianza Ijumaa, siku ambayo dawa ingemwagwa. Nilimpigia simu bosi wangu nikaongeza ruhusa, kwa aibu, na asubuhi zilizofuata nilikuwa kisimani kabla ya wanawake wengine. Alfajiri nilivaa mfuko wa nailoni mkononi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba koa hawa hubeba minyoo wanaotoka kwa panya na si wa kushikwa kwa mkono mtupu, nikainua kumbi moja moja na kuwatia ndoo. Walikuwa wengi. Kaka aliona aibu kunitazama akaja kusaidia. Alimrushia bata koa mmoja, akisema labda tutapata faida. Bata alimchukua, akamtikisa, akamtema, kisha akakaa muda mrefu akisugua mdomo kwenye majani kama mtu aliyeramba gundi.

Swali lilikuwa ndoo. Kaka alipendekeza nikirudi kumtembelea dada niende nikawamwage msitu wa Kisarawe, kule kuna nafasi. Nilimkatalia haraka kuliko nilivyozoea kumkatalia mtu. Msitu ule una wenyewe, wengine hawapatikani popote pengine, na sina haki ya kuwapelekea wageni wa bustani. Koa wa ngozi kama hawa, wenye asili ya Afrika, wameshasafirishwa na watu ndani ya udongo wa miche hadi Asia na visiwa vya mbali, na huko wamekuwa balaa. Wana nguvu kiasi hicho. Nilimweleza hayo yote nikiwa nimeshika ndoo, naye akasema nimwache apumue.

Kwa hiyo nilichemsha maji mwenyewe. Mama mkubwa alisema angefanya yeye, nikakataa, kwa kuwa mimi ndiye niliyewataja. Niliyamwaga kwa mara moja, mengi, wasife polepole. Mmoja mkubwa nilimtoa baadaye nikampasua juu ya kipande cha kigae kwa wembe mpya, kwa sababu familia hii hufanana mno kwa nje na wataalamu hutofautisha aina kwa kuangalia viungo vya uzazi ndani. Mama mkubwa alichungulia juu ya bega langu, akauliza hiki ni nini na hiki ni nini, nami nikamwambia nilivyoona, hata pale ambapo sikuwa na hakika. Tuliangalia mpaka jua likatufukuza. Akasema hakujua kwamba ndani ya kitu kile kuna mambo mengi hivyo, yamepangwa hivyo.

Siwezi kutaja aina yake mpaka leo. Nadhani najua, na nimejifunza kusema hivyo.

Miche haikupona yote. Iliyokuwapo siku ya Ijumaa ndiyo iliyobaki, ikanenepa, na mvua zilipokuja kweli tuliihamishia shambani, mama mkubwa akichimba, mimi nikishika mche na kubana udongo, kaka akibeba. Tulipanda mpaka kwenye mkorosho, miche ikaisha. Ng'ambo ya mkorosho palibaki kipande kilicholimwa kikasubiri, kitupu, kwa ajili ya mistari iliyoliwa. Niliona aibu kukitazama. Kama ningesema siku ya kwanza, pengine kipande kile kingekuwa na kijani.

Mama mkubwa alisimama akajinyoosha mgongo, mikono kiunoni.

"Hapo walishakula wao," akasema. "Basi waache wakae. Wewe kawapangie makumbi yako huko, uje uwatazame utakavyo. Ila wakivuka mkorosho huu, maji nachemsha mimi."

Nikaenda kuchukua makumbi yaliyokuwa yamerundikwa nyuma ya nyumba. Niliyapanga kwenye kipande kile kitupu, kifudifudi, na sikurudi kuyanyoosha.